Kiongozi Aliyefungwa Mezani

Nilipewa maskauti kwa sababu nilichelewa kufika kwenye mkutano wa walimu. Shule yetu iko upande wa Bahati, na mvua ikinyesha huku, barabara inageuka uji. Siku hiyo pikipiki ilinishusha njiani ili nisaidie kuisukuma, ikanibeba kidogo, kisha ikanishusha tena. Nilipoingia ofisini nikiwa na matope mpaka magotini, walimu wote waligeuka wakanitazama huku wakitabasamu. Walimu wenzako wakikutabasamia katikati ya mkutano, jua kuna jambo. Mlezi wa maskauti alikuwa amehamishiwa Molo, na nafasi yake ilikuwa imejazwa kabla sijaketi.

"Hongera, mwalimu," mwalimu mkuu akaniambia. "Tena umekuja umevaa kikazi kabisa."

Mimi hufundisha Kiswahili. Kuhusu skauti nilijua tu kwamba wanavaa skafu shingoni, na kwamba siku ya wazazi wanaelekeza magari mahali pa kuegesha, hata kama gari lililokuja ni moja na dereva analia kwamba anaona njia.

Haikupita wiki, ukaingia ujumbe kwenye simu yangu kutoka kwa kiongozi wa skauti wa eneo letu. Ulisema: "Nakuja muhula huu kuhoji wanaotaka kupanda daraja. Kamba ziwe safi. Sipendi kungojeshwa."

Hakukuwa na "habari ya asubuhi" wala "natumai u mzima". Kwetu, mtu anayekuandikia bila salamu ama amekasirika, ama ni benki. Niliwauliza walimu wenzangu kama wanamjua kiongozi huyo. Hakuna aliyewahi kumwona. Mwalimu wa Hisabati alikumbuka tu kwamba mlezi aliyehama alikuwa akipigiwa simu na huyo kiongozi, anasimama wima kwanza ndipo anapokea.

Basi nikajichorea picha yake akilini. Nikaona mzee mrefu, mwanajeshi mstaafu, ana masharubu na soksi zilizovutwa mpaka chini ya magoti, na sauti ya kufukuza ng'ombe shambani. Nikaanza kumwogopa, na hofu yangu nikaigawia watoto.

Kikosi kilikuwa na watoto wengi wa gredi ya tano na sita, lakini waliokuwa wanangojea kuhojiwa ili wapewe beji ya daraja la juu walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa msichana ambaye mdomo wake haukujua likizo. Ukimuuliza saa, alikuwa anaanza na historia ya saa yenyewe, nani aliinunua na kwa nini mkanda wake umekatika. Wa pili alikuwa mvulana mkubwa wa mwili, mwenye mikono kama ya mtu mzima, ambaye baba yake hutengeneza malori kule Salgaa na alikuwa anaishi kwa shangazi yake karibu na shule. Huyo alikuwa na bidii, na bidii yake ndiyo ilikuwa shida, kwa maana alichokivuta kilivutika na alichokikaza hakikulegea tena. Wa tatu alikuwa msichana mdogo, mwembamba, ambaye hakuwa anaongea. Hakuwa bubu. Alikuwa anaongea na wenzake, tena kwa sauti ya chini sana, lakini mtu mzima akimgeukia, kauli inakatika kama stima wakati wa mvua.

Nilimuuliza mwalimu mkuu mahojiano hayo huwa namna gani. Akaniambia mtoto anaingia peke yake, anaketi mbele ya kiongozi, anaulizwa kuhusu ahadi ya skauti, kanuni, huduma ya kwanza, kufunga mafundo, na matendo mema aliyoyafanya. Kiongozi akiridhika, mtoto anapanda.

"Na asiporidhika?"

"Hiyo sijui. Mlezi wa zamani alikuwa anawapeleka Milimani, mjini, na hakuwahi kurudi akiwa na furaha ya kuniambia."

Nikaamua kuwaandaa watoto wangu mpaka kiongozi mwenyewe ashangae. Kila jioni baada ya masomo tulikuwa tunabaki darasani. Mimi nikawa kiongozi. Nilitoka nyumbani na koti refu la mume wangu, lile la mazishi, na kofia yake ya kwendea kanisani, nikakaa nyuma ya meza na kunguruma.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni skauti, bwana kiongozi!"

"Sisikii!"

"Mimi ni skauti, bwana kiongozi!"

"Skauti ni mtu wa namna gani?"

"Skauti ni mwaminifu, bwana kiongozi! Skauti ni mtiifu, bwana kiongozi!"

Tulikwenda hivyo mpaka majibu yakawa yanatoka yenyewe, kwa mpangilio uleule, kama treni na mabehewa yake. Msichana wa maneno mengi nilimfundisha kusema jibu na kunyamaza. Alijaribu. Nilimwona akimeza maneno mpaka macho yanamtoka. Yule mdogo naye nilimngurumia kwa upole, lakini ngurumo ni ngurumo. Alinitazama tu, akafungua mdomo, akaufunga.

"Tichee," yule mvulana akaniambia siku moja, "ukivua hiyo kofia ataongea."

"Kiongozi hatavua kofia yake," nikamjibu. "Lazima azoee."

Kulikuwa pia na jambo la salamu. Maskauti wanasalimiana kwa mkono wa kushoto. Niliposoma hivyo nilifurahi kwamba hilo angalau ni rahisi, nikawaambia watoto wafanye mazoezi nyumbani. Kesho yake asubuhi nilimkuta mzee mmoja amesimama langoni na fimbo yake, hata chai hajanywa.

"Ni wewe unafundisha hawa watoto kunipatia mkono wa kushoto?" akaniuliza. "Mjukuu wangu amenisalimia na kushoto mbele ya wageni. Wageni wa mahari!"

Nilimweleza kwamba ni salamu ya heshima, inatoka upande wa moyo. Akafikiri kidogo, akasema moyo wake uko upande uleule tangu azaliwe na hajawahi kuutumia kusalimia watu. Ilinibidi niwakusanye watoto na kuwaambia kwamba kushoto ni kwa maskauti peke yao, na mababu waachwe jinsi walivyo.

Kufunga mafundo ndiko kulikonishinda zaidi. Nilijifunza kwa simu, usiku nikiwa nimekaa jikoni na kamba ya kuanikia nguo. Aliyekuwa anafundisha kwenye ile video alikuwa ananitazama uso kwa uso, kwa hiyo kulia kwake kulikuwa kushoto kwangu, na mimi nilikuwa nageuza nusu ya mambo na kusahau kugeuza nusu nyingine. Nilichopata mwishowe kilikuwa fundo, hakuna aliyeweza kulikana, lakini halikuwa lile la kwenye video. Lile la kwenye video lilikuwa linashika vizuri na kufunguka ukitaka. Langu lilikuwa linashika. Mume wangu alipoona kamba ya nguo imefungwa kwenye mguu wa meza, alivuta, akavuta tena, kisha akauliza kama nguo zitakuwa zikianikwa hapo sasa.

Nilidhani shida ni kamba. Nikawafundisha watoto fundo hilo, na yule mvulana wa Salgaa akalipenda kuliko yote.

Siku ya mahojiano ilifika na ukungu wake. Tulifagia, tukaosha kamba kwa sabuni, tukaandaa maktaba, ambayo pia ndiyo stoo ya mahindi na maharagwe ya shule. Watoto walijipanga langoni wakiwa wamekauka kwa hofu. Mimi nilisimama kando nikitazama barabara, nikitafuta gari la kijeshi.

Ikaja pikipiki. Nyuma ya dereva alikuwa amekaa mama mmoja mfupi, mnene kidogo, amefunga leso kichwani kwa ajili ya baridi, na amepakata chupa ya chai mapajani. Aliteremka kwa uangalifu, akavua leso na kuvaa kofia ya skauti, akavua sweta na skafu ikaonekana. Kisha akatunyooshea mkono wa kushoto.

"Habari zenu, wanangu. Samahani mmengoja kwa baridi. Mmekunywa chai?"

Watoto watatu walipiga saluti kwa pamoja na kupaza sauti mpaka kunguru wakaruka kutoka kwenye paa la jikoni:

"Mimi ni skauti, bwana kiongozi!"

Yule mama alinitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Baadaye alikuja kuniambia kwamba alikuwa mkunga hospitalini mpaka alipostaafu, na kwamba macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo, kwa hiyo ujumbe wake wa simu huandikwa na mjukuu wake. Mjukuu huyo yuko kwenye umri wa kubalehe na anaona salamu ni kupoteza bando. Lakini asubuhi ile sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba nimewaandaa watoto kwa ajili ya simba, na aliyekuja ni mama wa kuuliza chai.

Mahojiano yakaanza. Mlezi haruhusiwi kuingia, basi nikaenda kukagua kabichi za shule, zile zilizo chini kabisa ya dirisha la maktaba. Sijawahi kukagua kabichi kwa makini namna ile.

Msichana wa maneno aliingia kwanza.

"Karibu, keti mama yangu," kiongozi akasema. "Nyumbani kwenu ni wapi?"

Swali hilo halikuwa kwenye mazoezi. Kisha behewa la kwanza likaanza kutoka.

"Skauti ni mwaminifu, bwana kiongozi! Skauti ni mtiifu, bwana kiongozi! Skauti ni—"

"Najua, najua. Na mimi si bwana. Nimekuuliza nyumbani."

"Ndiyo, bwana kiongozi!"

Nilifunika uso wangu kwa jani la kabichi. Yule mama alicheka kidogo, nikasikia akimimina chai kwenye kikombe na kukisukuma mezani.

"Kunywa kwanza. Ukimaliza, niambie jambo jema ulilolifanya wiki hii. Usiniambie la kwenye kitabu."

Msichana akanywa. Alikaa kimya muda ambao sikuwahi kujua anaweza kukaa. Kisha akasema, kwa sauti yake ya kawaida:

"Jana wakati wa chakula nilimwacha dada yangu aongee. Mpaka akamaliza."

"Ilikuwa ngumu?"

"Ngumu sana! Kwa sababu alikuwa anasema uongo, alisema kuku alivunja sahani na mimi nilikuwa hapo, kuku hakuwa hata ndani, alikuwa kwa jirani, na jirani mwenyewe—"

Akaondoka na hadithi hiyo. Ilibidi kiongozi amsimamishe kwa mkono, lakini nilimsikia akicheka mpaka anapangusa macho.

Kisha akaingia mvulana. Yeye aliulizwa ahadi, akaitoa vizuri. Akaulizwa mtu akitokwa na damu puani anafanyaje, akajibu vizuri. Nikaanza kupumua. Hapo kiongozi akamwambia, "Haya, nifungie fundo unalolipenda."

"Naweza kukufunga wewe, bwa... mama?"

"Nifunge tu. Nimefungwa na wengi."

Niliinuka kutoka kwenye kabichi nikitaka kupiga kelele, lakini nilikuwa nimechelewa. Mvulana alipitisha kamba kwenye mkono wa kulia wa kiongozi, akaizungusha kwenye mguu wa meza, akafunga lile fundo langu, na kulikaza kwa bidii yake yote ya Salgaa. Akarudi nyuma, akapiga saluti.

"Limeshika," kiongozi akasema kwa kuridhika. "Sasa lifungue."

Mvulana akainama. Nikamsikia akihema. Meza ikasogea, mtoto akasogea nayo, na kiongozi akasogea na wote wawili.

"Nani amekufundisha hili?" kiongozi akauliza, bila hasira, kama daktari anayeuliza maumivu yalianza lini.

"Mwalimu."

"Mwalimu yuko wapi?"

Mvulana akanyoosha kidole dirishani. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na jani la kabichi mkononi.

"Njoo ndani, mwalimu," kiongozi akaniita. "Njoo unifungue."

Nikaingia. Nilijaribu kwa vidole, nikajaribu kwa kalamu, nikapiga magoti na kujaribu kwa meno. Kamba ilikuwa na ladha ya sabuni. Mpishi alisikia zogo akaja mbio na kisu cha kukatia nyama, lakini kiongozi akamzuia.

"Kamba nzuri haikatwi," akasema. "Hebu niendelee na kazi. Mwite wa tatu."

"Ukiwa umefungwa, mama?"

"Mkono ndio umefungwa. Masikio yako sawa."

Kwa hiyo yule mdogo asiyeongea akaingia na kukuta kiongozi amefungwa kwenye meza, mwalimu wake yuko sakafuni anatafuna kamba, mvulana analia kwenye kona karibu na magunia ya maharagwe, na mpishi ameshika kisu. Alisimama mlangoni akatutazama mmoja mmoja. Kisha akatoka.

Nikajua tumempoteza. Lakini alirudi na uma wa jikoni. Akanigusa begani ili nisogee, nami nikasogea. Akaketi chini, akaingiza jino moja la uma katikati ya fundo na kuanza kulitikisa polepole.

Kiongozi alinitazama, akanipa ishara ninyamaze.

"Hiyo umeizoea wapi?" akamuuliza mtoto kwa sauti ya chini.

"Ndama wetu," akajibu, macho kwenye kamba. "Anajizungusha kwa mti usiku. Kamba inalowa."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sentensi yake nzima. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani.

"Na ndama anaitikia ukimwambia atulie?"

"Hapana. Mimi ndiye natulia. Halafu na yeye."

Kiongozi akamuuliza ahadi ya skauti, akaitamka yote huku akitikisa uma. Akamuuliza kanuni, akazitaja. Akamuuliza, "Ukimkuta mtu ameumia njiani, unafanya nini?"

"Naangalia kama mimi mwenyewe niko salama. Halafu naita mtu mkubwa."

"Na kama hakuna mtu mkubwa?"

Mtoto akainua uso, akanitazama mimi na kamba yenye alama za meno yangu.

"Hata akiwa yuko," akasema, "saa zingine nafanya tu mwenyewe."

Mpishi alitoka nje kwenda kucheka. Fundo likaachia, kamba ikaanguka, na kiongozi akasugua mkono wake uliokuwa umebaki na michirizi myekundu. Alimshukuru mtoto kwa kumpa mkono wa kushoto, na mtoto akaona haya tena, akarudi kwenye kimya chake.

Matokeo tulipewa palepale. Wasichana wote wawili walipanda daraja. Mvulana aliambiwa ana moyo na ana nguvu, lakini arudi baada ya likizo akiwa amejifunza fundo lingine, mahali pengine. Alijikaza asilie tena. Kiongozi akafunga chupa yake ya chai, akanigeukia.

"Na wewe mwalimu, ahadi yako uliitoa lini?"

"Ahadi gani, mama?"

"Ya skauti. Mlezi huitoa kabla hajawafundisha wengine. Nakungoja Milimani, siku utakayomleta huyu kijana."

Habari ilienea shuleni kabla pikipiki yake haijafika barabara kubwa. Kuanzia hapo jioni zangu hazikuwa zangu tena. Watoto walinikalisha upande wa pili wa meza. Msichana wa maneno alinihoji kuhusu kanuni na kunikatiza kila nilipokosea, na nilikosea mno. Mvulana akanifundisha fundo sahihi, alilofundishwa na baba yake likizo ilipofika, na akawa ananifungulia kila nilipojifunga vidole. Yule mdogo alikuwa anakaa pembeni bila kusema lolote, lakini nikijibu vibaya alikuwa anafumba macho, na hilo liliniuma kuliko makelele ya wenzake.

Siku ya siku tulishuka mjini mimi na mvulana, tukapanda Milimani kwa miguu, tukipita kwenye nyua ndefu zenye maua na mbwa wanaobweka kwa adabu. Mahojiano yalikuwa kwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa. Tuliketi kwenye benchi nje. Nilikuwa narudia ahadi chinichini bila kuvuta pumzi.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "pumua. Yeye si mkali. Ni wewe ulikuwa mkali."

Akaitwa, akaingia, na baada ya muda akatoka na beji kifuani, akitembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Kisha nikaitwa mimi.

Nilitoa ahadi yangu vizuri mpaka katikati, nikasahau, na nikasikia mvulana akinong'ona maneno yaliyobaki kupitia tundu la ufunguo. Kiongozi alijifanya hasikii. Nilifunga fundo, nikalifungua mwenyewe, na furaha niliyoipata sikuipata hata siku ya kuhitimu chuo.

"Vizuri," akasema. "Sasa, umewahi kulala kwenye hema?"

"Hapana, mama."

"Hata usiku mmoja?"

"Nyumbani kuna kitanda."

Akanivalisha skafu, akainyoosha mabegani kama anayemwandaa mtoto kwenda shule. Akaniambia nimepita, kwa sharti kwamba wikendi ifuatayo nitakuwa kambini pamoja na kikosi chote, kwenye hema kama wao, na kwamba Bahati mwezi huo ni baridi sana.

Mvulana alicheka kutoka Milimani mpaka steji ya matatu. Nilipofika nyumbani, mume wangu alikuwa jikoni anamenya viazi. Aliona skafu, akatabasamu.

"Umepita?"

"Nimepita," nikasema. "Ila kuna hema."

Akaacha kumenya. Akaniuliza kama hema hilo ni la mtu mmoja au la wawili, maana yeye, akasema, hakutoa ahadi yoyote.